Je, wajua kwa nini madaktari wa Uingereza walipinga "soko" hospitalini, wakati mgonjwa mwenyewe halipi?

Kwa miaka nilikuwa naamini kwamba mageuzi ya 2012 kule Uingereza, yale ya waziri wa afya wa wakati huo, Andrew Lansley, maana yake mgonjwa ataanza kutoa hela dirishani kama huku kwetu ukienda hospitali binafsi, na ndo maana chama cha madaktari, BMA, kikataka muswada uondolewe. Siyo hivyo kabisa, na bado nakutana na watu wengi wanaoamini hivyo hivyo.

NHS, huduma ya afya ya umma iliyoanza Julai 5, 1948, inaendeshwa kwa kodi. Ukivunjika mguu unatibiwa, unarudi nyumbani, hakuna bili. Sheria ya 2012 hilo haikuligusa. Soko lilikuwa nyuma ya pazia: huku wanunuzi, yaani vyombo vya umma vinavyowanunulia wagonjwa matibabu, wameshika hela ya serikali, kule hospitali za umma na za binafsi zinagombea kazi. Mnunuzi na muuzaji walishatenganishwa tangu 1991, sheria mpya ikakaza tu na kuweka msimamizi wa ushindani. Mgonjwa kitandani haoni kitu, daktari ndo anaona.

Anaona nini? Chukua daladala. Mwanafunzi analipa nauli pungufu ila kiti anachokalia ni kilekile, kwa hiyo kila mtu wa Dar anajua kinachotokea asubuhi kituoni, konda kaziba mlango kwa mkono, watu wazima wanapita chini ya kwapa lake, watoto wa yunifomu wamebaki na mabegi yao mgongoni. Konda siyo lazima awe na roho mbaya, jioni bosi anataka hesabu.

Sasa rudi hospitalini. Operesheni nyingi zilikuwa na bei iliyopangwa kitaifa. Kubadilisha nyonga ya baba wa miaka 60 mwenye afya ni kazi moja, nyonga ya bibi wa 85 mwenye kisukari na moyo dhaifu ni kazi nyingine kabisa, na bei zilitofautishwa kiasi, lakini madaktari walisema haifikii gharama halisi. Vituo vingi vya binafsi havikuwa na wodi ya mahututi, vikawa na vigezo vya maandishi vya nani asipokelewe. Bibi anabaki hospitali ya umma, ambayo haiwezi kumfungia mlango, na zile kesi nyepesi zilizokuwa zinafidia gharama zake zimeshahama. Tena daktari kijana anajifunzia kisu kwenye hizohizo nyepesi, zikiondoka mkono wake unakomaa wapi? Hili kwangu ndo zito kuliko yote.

Kwa haki, wapo wachumi walioona vifo vya mshtuko wa moyo vikipungua zaidi kwenye ushindani mwingi baada ya 2006, wenzao wakabisha vikali jinsi walivyopima. Hapo sitii mkono.

Ila hili la Bournemouth na Poole linanishangaza mpaka leo. Miji hii imepakana, pwani ya kusini, hospitali zao za umma zikataka kuungana, na Oktoba 2013 tume ya ushindani ikazizuia kwa hoja kwamba wagonjwa watapungukiwa chaguo, hesabu ileile inayopigwa makampuni mawili yakitaka kuungana. Zikaja kuungana 2020, na miaka miwili baadaye sheria nyingine ikafuta kifungu cha 75 cha ile ya 2012, ambacho madaktari wengi walikisoma kama amri ya kutangaza tenda.