Maana ya "hatari inayokubalika" katika safari za anga za juu

Chombo cha anga kikirudi salama, hakosi mtu wa kusema: mnaona, hatari ile ilikuwa inakubalika. Sivyo. Hatari inayokubalika ni uwezekano wa kupoteza wanaanga uliokadiriwa kabla ya kuruka, ukapimwa dhidi ya faida ya safari, kisha ukapitishwa na wenye mamlaka huku wanaanga wenyewe wakiujua. Kwa vyombo vya kampuni binafsi vinavyopeleka watu kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu, NASA, shirika la anga za juu la Marekani, iliweka kikomo cha 1 kati ya 270 kwa safari ya siku 210. Maana ndiyo hiyo tu.

Vurugu huanza watu wanapoichanganya na hatari iliyozoeleka. Kabla ya tarehe 28 Januari 1986, vyombo vya NASA vya Space Shuttle vilikuwa vimeruka mara 24 na kurudi. Katika baadhi ya safari hizo, pete za mpira zinazoziba maungio ya roketi za pembeni zilikutwa zimeunguzwa na gesi ya moto, lakini kila chombo kilichorudi kilihesabiwa kuwa ushahidi kwamba kuungua huko kunavumilika. Hesabu inakataa. Hata hatari ikiwa 1 kwa 100, nafasi ya kuruka mara 24 bila ajali ni karibu asilimia 79, kwa hiyo mafanikio yale hayakuthibitisha lolote kubwa. Safari ya 25 ilikuwa ya Challenger. Asubuhi ya baridi kali pete hazikuziba, chombo kikasambaratika sekunde 73 baada ya kuruka, watu 7 wakafa. Mwanafizikia Richard Feynman, aliyekuwa kwenye tume ya uchunguzi, alikuta wahandisi wakitaja takriban 1 kwa 100 na viongozi wao 1 kwa 100,000. Taasisi moja, makadirio yanayopishana mara elfu! Sasa ni hatari ipi hasa iliyokuwa imekubaliwa?

Ajali ya Columbia, chombo kingine cha Space Shuttle, mwaka 2003 ilikuwa yale yale, safari hii kwa povu la tangi la nje. Lilikuwa limebanduka mara nyingi hata likageuka suala la matengenezo.

Faida nayo lazima itajwe. Januari 2004 NASA ilifuta safari ya mwisho ya kukarabati darubini ya Hubble, kwa kuwa chombo kikiharibika huko hakiwezi kubadili njia yake na kukimbilia kituoni. Mwaka 2006 safari ikarudishwa. Mei 2009 Space Shuttle iitwayo Atlantis iliruka na watu 7, ikiwa na vifaa vya kukagua kinga ya joto angani, huku nyingine, Endeavour, ikiwa tayari kwenye jukwaa jingine kwenda kuwaokoa. Hatari haikuisha. Ilipunguzwa, na darubini ikaonekana inastahili iliyobaki.

Mwaka 2024 Starliner, chombo cha kampuni ya Boeing, ilipeleka wanaanga wawili kituoni, ikavuja heliamu na baadhi ya injini zake ndogo za kuongozea zikazima. NASA ikairudisha tupu, nayo ikatua salama, na hapo wengi wakasema uamuzi ule ulikuwa woga. Lakini chanzo cha injini kuzima hakikuwa kimeeleweka vya kutosha, na uwezekano usiokadirika hauna namna ya kupitishwa. Kwa kutua kule inatosha kusema kimerudi salama. "Inayokubalika" tuiache kwa yale yaliyopimwa kabla ya safari.