Matundu ya chujio la maji hutobolewa na nani?

Okota jiwe jeusi popote hapa Goma, limejaa matundu. Gesi ilikuwa inajitoa kwenye lava, lava ikaganda. Lakini matundu mengi ya jiwe hilo hayajaungana, ndiyo maana mawe mengine hayapitishi hata tone. Sisi tunaotengeneza utando wa plastiki wa kuchujia maji tunataka matundu yaungane, tena yawe madogo kuliko kijidudu.

Wanafunzi wanaokuja maabara huuliza tunatoboa kwa sindano gani. Hakuna sindano. Tunachukua chembe za plastiki ngumu iitwayo polisalfoni na kuziyeyusha kwa dawa maalumu mpaka ziwe nzito kama asali. Uji huo tunautandaza juu ya kioo, unene wa kama sehemu ya tano ya milimita, kisha kioo kinazamishwa kwenye beseni la maji. Hapo ndipo napenda kusimama karibu. Utando uliokuwa unaonyesha kioo chini yake unageuka mweupe kama maziwa ndani ya sekunde chache, na mara nyingi unajibandua wenyewe. Ile dawa imekimbilia majini, maji yameingia mahali pake, na plastiki isiyopatana na maji imejikunyata ikaganda. Palipokaa maji pamebaki tundu. Uso uliokutana na maji kwanza huganda upesi na kuwa ngozi ya matundu madogo sana. Chini yake hubaki kama sifongo.

Usijaribu nyumbani, dawa hizo zina sumu. Sisi wenyewe tunausuuza utando mara nyingi kabla ya kuupima.

Kijidudu cha kipindupindu, ambacho Goma ilikijua vibaya mwaka 1994, kina upana wa kama nusu mikroni (mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita). Utando wenye matundu ya mikroni 0.1 unakizuia. Virusi vingi ni vidogo zaidi na hupenya hapo, kwa hiyo klorini bado inahitajika, hasa kama maji masafi yanarudishwa kwenye bidoni lilelile lililochotewa maji ziwani. Nimeona hilo mara nyingi mno. Floridi, chumvi iliyoyeyuka kwenye maji ya chemchemi za volkano, nayo hupita kama sukari inavyopita kwenye chujio la chai.

Tundu moja kubwa linaharibu kazi ya mamilioni ya madogo. Kwa hiyo tunalowanisha utando, tunausukumia hewa kwa upande mmoja na kutazama mapovu upande wa pili. Povu likitoka mapema, kabla presha haijapanda, pana ufa.

Nyumbani, chujio likianza kudondosha polepole, lisukumie maji safi kinyume. Likianza ghafla kumwaga haraka kuliko lilipokuwa jipya, usilifurahie. Acha kunywa maji yake, ulilete tulitazame mapovu.