Barabara Zilizozamishwa Central Park

Kila ninapofundisha usanifu wa mandhari, kitu cha kwanza kukibandika ukutani ni ramani ya Central Park ya New York, na swali la kwanza ni hili: magari ya mjini yanapita wapi? Wanafunzi husogea, hufuata njia za miguu kwa kidole, wengi wao wakakwama hapo.

Mashindano ya kuisanifu bustani hiyo yalipotangazwa mwaka 1857, kulikuwa na sharti zito: barabara zisizopungua nne ziikatize kutoka upande mmoja hadi wa pili. Ukizipitisha juu ya nyasi, umeshaikata bustani vipande. Kati ya michoro 33 iliyoletwa, ulioshinda mwaka 1858 ni wa Frederick Law Olmsted na Calvert Vaux. Wao walizizamisha barabara zote nne, kiasi cha futi 8 chini ya ardhi inayozizunguka. Miamba ililipuliwa kwa baruti, kando zikajengwa kuta za mawe, juu yakapita madaraja ya waenda kwa miguu, na kingo zikapandwa miti na vichaka. Mkokoteni ukipita chini na mizigo yake, mama na mwanawe wanapita juu wala hawana habari. Gari la injini lilikuwa bado halijaonekana mitaani, lakini leo mabasi na teksi zinapita mle mle.

Ramani hiyo pia ina jeraha, nami sipendi kulificha. Upande wa magharibi, kati ya mtaa wa 82 na wa 89, palikuwa na Seneca Village, makazi ya watu ambao wengi wao walikuwa Weusi, wakiwa na viwanja vyao, makanisa na shule. Waliondolewa mwaka 1857, kabla mchoro ulioshinda haujachaguliwa.

Linaloniuma jingine ni Vaux kusahauliwa. Huyu Mwingereza, msanifu majengo, ndiye aliyemwomba Olmsted washirikiane. Wakati huo Olmsted alikuwa msimamizi wa kazi katika eneo la bustani, na alikuwa hajawahi kusanifu bustani hata moja. Mwaka 1865 ni Vaux tena aliyechora wazo la mwanzo la Prospect Park ya Brooklyn, kisha akambembeleza mwenzake kwa barua arudi kutoka California, alikokuwa akisimamia migodi ya dhahabu. Ushirika wao ulivunjika mwaka 1872.

Kwangu mimi, Prospect Park ndiyo kazi yao bora. Ukiingia kutokea Grand Army Plaza, njia inakupeleka chini ya tao la mawe, Endale Arch. Mle ndani kuna kagiza na ubaridi, na mwendo unapungua wenyewe. Ukitoka tu, Long Meadow hiyo mbele yako, uwanda wa nyasi wa karibu ekari 90. Matuta ya udongo yenye miti yameuziba mji, na mwisho wa uwanda huuoni, maana unajikunja na kupotelea nyuma ya miti.