Jibu la Pengo Limo Ndani ya Sentensi

Kutokana na malalamiko yanayozidi kuletwa na wazazi na watahiniwa kwamba maswali ya kujaza nafasi zilizoachwa wazi hupima misamiati isiyofundishwa darasani, ni vyema ieleweke kuwa maswali haya hayatungwi ili kujua nani amekariri kamusi. Mtunzi huacha dalili katika sentensi yenyewe, na swali lisilo na dalili halistahili kuwamo kwenye mtihani.

Tuchukue mfano: "Ingawa mzee yule alikuwa ______, hakusita kumsamehe kijana aliyemwibia." Machaguo ni mpole, mkali, mkimya na mkarimu. Wengi hukimbilia "mpole" kwa kuwa upole na msamaha huenda pamoja, wakalisahau neno la kwanza kabisa. "Ingawa" hutangaza kwamba pande mbili za sentensi zinapingana. Kwa hiyo sifa inayotafutwa ni ile ambayo ingemzuia mtu kusamehe, nayo ni "mkali". Kiunganishi kingekuwa "kwa kuwa", "mpole" lingefaa. Huu si mtego, ni kusoma.

Dalili nyingine ni ya kisarufi, na inasikitisha inavyopuuzwa. Katika "Baada ya ugomvi wa miaka mingi, ______ wa ndugu hao ulirejea," maneno "amani" na "mapenzi" yanaleta maana nzuri, lakini upatanisho wa "wa" na "ulirejea" unayakataa yote mawili na kulipokea "umoja". Funika machaguo kwa kiganja, soma hadi nukta, weka neno lako mwenyewe, ndipo ufunue utafute kisawe chake, kwa maana anayeanza na machaguo huvutwa na neno alilolizoea.

Kuhusu alama, si kweli kwamba kila mtihani humkata anayekosea. Mtihani wa SAT wa Marekani, wa kuombea nafasi za vyuo, ulikata robo alama kwa jibu la kuchagua lililokosewa, utaratibu uliofutwa mwaka 2016. Katika GRE, mtihani wa kuombea masomo ya uzamili, swali lenye mapengo mawili au matatu halitoi alama yoyote mpaka yote yajazwe sawasawa. Kanuni hutofautiana, hivyo maelekezo ya ukurasa wa kwanza yasomwe kabla ya kalamu kushikwa, na pale ambapo kukosea hakukatwi alama, pengo lisiachwe tupu. Anayebadili jibu kwenye karatasi ya kusiliba afute la awali kabisa, kwani herufi mbili zilizosilibwa katika swali moja linalotaka jibu moja zinaweza kumkosesha alama ya jibu alilolijua.