Radi, Chamchela na Kimbunga: Upepo wa Juu Ndio Unaoamua

Kila Novemba, korosho zikiwa bado zinaokotwa, sisi watabiri wa hali ya hewa huulizwa swali lilelile kutoka Tandahimba, Newala na Masasi, mkoani Mtwara. Asubuhi kulikuwa kweupe, korosho zimeanikwa. Saa nane mchana wingu likasimama, upepo ukaezua mabati, radi ikapiga. Je, kile kilikuwa kimbunga?

Hapana, hakikuwa kimbunga. Lakini anayeuliza ana haki ya kupata maelezo kamili, kwa sababu aliyeezuliwa nyumba hafarijiki kwa kuambiwa tu kwamba amekosea jina.

Tuanze na jua. Tarehe 20 hivi ya Oktoba, jua la saa sita hupita utosini kabisa mwa Mtwara, likielekea kusini. Maeneo ya Ikweta hupata joto jingi kuliko ncha za dunia, na joto hilo ndilo linaloisukuma hewa ya dunia nzima: hupanda karibu na Ikweta, husambaa huko juu kwenda kaskazini na kusini, hushuka kwenye latitudo ya 30 hivi, kisha hurudi chinichini kama pepo tunazozijua, kusi na kaskazi. Zinapokutana, hewa haina pa kwenda ila juu. Hapo ndipo penye ukanda wa mvua, nao hulifuata jua. Kaskazini mwa nchi hupita mara mbili, wakapata vuli na masika. Huku kwetu hukaa kama msimu mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei.

Kabla haujatulia huwa kuna maleleji: kusi imechoka, kaskazi haijashika. Ardhi imekauka, joto limepanda. Nchi kavu hupata moto haraka kuliko bahari, kwa hiyo kufika mchana upepo wenye unyevu huingia kutoka baharini na kupanda uwanda wa Makonde. Hewa hiyo huinuka, hupoa, na mvuke wake hugeuka matone. Mvuke unapogeuka maji hutoa joto, na joto hilo huisukuma hewa izidi kupanda. Wingu hujijenga lenyewe namna hiyo mpaka kufikia kilomita 15 au zaidi kwenda juu.

Kuanzia kilomita 5 hivi kuna barafu, hata hapa kwetu penye joto. Chembe nyepesi za barafu hugongana na vipande vizito na kugawana chaji ya umeme: nyepesi hupelekwa juu na chaji chanya, nzito hubaki chini na chaji hasi. Tofauti ikizidi, umeme hupasua njia. Hewa ya njia hiyo hufikia nyuzi joto 30,000 hivi, hutanuka ghafla, na mshtuko huo ndio ngurumo. Najua wapo wanaofunika vioo au kuvua nguo nyekundu. Radi haichagui rangi. Huelekea kwenye kilichochomoza, iwe mnazi, mlingoti wa dau au mkorosho uliosimama peke yake.

Na yale mabati? Mvua inaposhuka huipoza hewa, na hewa baridi ni nzito. Huporomoka hadi ardhini na kutawanyika pande zote, kama maji ya ndoo yaliyomwagwa sakafuni. Ule upepo wa baridi unaotangulia mvua ndio huo. Lakini hewa hiyohiyo hukata chakula cha wingu, joto la chini, ndiyo maana dhoruba zetu nyingi hufa baada ya saa moja hivi.

Katika tambarare za Marekani mambo huwa tofauti. Chini huvuma upepo wenye unyevu kutoka Ghuba ya Mexico, juu yake upepo mkali na mkavu kutoka magharibi. Hewa iliyo kati huviringika, kama kijiti kati ya viganja viwili, na wingu linalopanda huusimamisha mviringo huo wima. Mvua huangukia pembeni, wingu haliui chakula chake, na huweza kuishi saa nyingi likizunguka. Baadhi huteremsha tonado, nguzo ya upepo mkali unaozunguka kutoka winguni hadi ardhini. Huku kwetu upepo wa juu mara nyingi ni dhaifu, kwa hiyo tonado ni nadra sana. Chamchela inayorusha vumbi uwanjani mchana wa jua ni kitu kingine: huanzia ardhini, wala haihitaji wingu.

Kimbunga chenyewe huzaliwa baharini, penye maji ya nyuzi joto 26 na zaidi, mbali kidogo na Ikweta, maana karibu nayo mzunguko wa dunia hauna nguvu ya kuizungusha hewa. Sisi tuko latitudo ya 10 kusini, ukingoni mwa njia yake. Lindi ilipigwa Aprili 1952. Aprili 2019 Kenneth kiliingia Cabo Delgado, ng'ambo ya Ruvuma. Mei 2024 Hidaya kilifika Mafia, na mvua zake zikakata barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam eneo la Somanga. Kimbunga huonekana siku kadhaa kabla, kwa hiyo Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa tahadhari, ngalawa zisitoke.

Radi haitoi siku kadhaa, hutoa dakika. Ukiona mmweko, hesabu sekunde hadi ngurumo: kila sekunde 3 ni kilomita 1 hivi. Zikiwa chini ya 30, anayeokota korosho atoke shambani aingie nyumba yenye kuta au gari lililofungwa, si banda la wazi, wala chini ya mkorosho, hata kama mvua haijaanza. Korosho zilizoanikwa ziachwe zilowe. Asirudi kuzianua mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho.