Maswali na majibu: kununua na kupika vyakula asilia nyumbani

Vyakula asilia ndo vipi? Maana siku hizi kila pakiti imeandikwa "cha asili".

Ni vile ambavyo havijachakachuliwa sana tangu vivunwe, nafaka isiyokobolewa, maharage, mboga, matunda, karanga, mayai, samaki. Maandishi makubwa ya mbele ya pakiti achana nayo, hayo ni matangazo, geuza usome orodha ya viambato huko nyuma, kwa kawaida vinapangwa kwa uzito kuanzia kilicho kingi, kwahiyo ukikuta sukari iko ya pili ushajua unanunua nini.

Nafaka iliyokobolewa ina ubaya gani?

Sio sumu jamani. Ila ikikobolewa pumba na kiini vinatoka, na humo ndo kuna nyuzinyuzi nyingi na vitamini za kundi B. Kama tumbo halijazoea anza nusu kwa nusu na unywe maji, ukibadili ghafla gesi itakuhusu.

Maharage yananichosha, hakuna njia ya mkato?

Ipo ila sio kwenye kuchemsha. Yaloweke usiku kucha, mwaga yale maji, weka mengine halafu yatokote kwa nguvu dakika 30 za mwanzo ndo upunguze moto yaive taratibu, hasa yale mekundu makubwa, yana lektini, sumu yake ya asili, ambayo isipochemka sawasawa utatapika na kuharisha, na moto mdogo peke yake hauiondoi hata ukae jikoni siku nzima. Njia ya mkato ni kupika mengi kwa mpigo, ugawe kwenye vikopo vidogo ugandishe. Ya kopo nayo sio dhambi, yasuuze tu chumvi ipungue. Na siku ya kuyala weka nyanya au kamulia limau, vitamini C inasaidia mwili kufyonza madini ya chuma, chai iache kwanza kama saa moja hivi maana yenyewe inazuia.

Mboga zilizogandishwa zina faida kweli?

Zinayo, tena kuzidi mbichi zilizonyauka wiki nzima kwenye friji. Pika kwa maji kidogo, zisikae sana motoni.

Chumvi kiasi gani?

Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, na hapo hesabu pia iliyojificha kwenye mkate, soseji na vile vidonge vya mchuzi. Mi naona vidonge ndo vya kuacha kwanza, kitunguu saumu na tangawizi vinatosha kabisa.

Kiporo cha wali kinaweza kunidhuru?

Kikilala mezani ndio, kuna bakteria anaitwa Bacillus cereus, mbegu zake hazifi wali ukiiva na sumu anayotoa wali ukikaa kwenye joto haiondoki hata uupashe vipi. Usisubiri masaa, utandaze kwenye sahani pana upoe haraka, uingie kwenye friji kabla ya masaa 2, kesho yake upashe mara moja tu mpaka utoe moshi.