Mikoko haifi kwa kukosa kupandwa

Kila ifikapo 26 Julai, siku ya mikoko duniani, utawaona watu Unguja na Pemba wamezama matopeni hadi magotini, miche mkononi, kamera mbele yao. Si vibaya. Ila kuna mambo tunayaamini kuhusu mikoko na mikondo yake (vijito vya maji ya bahari vinavyopita katikati yake) ambayo matope yenyewe yanayakataa.

"Mikoko ikifa, dawa ni kupanda mingine." Uliza kwanza imekufa kwa nini. Pemba kuna mahali ilikatwa kupisha mashamba ya chumvi. Shamba likaachwa, tuta likabaki. Maji ya bahari hayaingii, au huingia wakati wa bamvua tu (maji yanapojaa kuliko kawaida) yakanaswa ndani. Jua linayakausha, chumvi inabaki ardhini, kali kuliko ya bahari. Mche gani utaishi hapo? Fungua tuta pale mkondo wa zamani ulipopita, maji yajae na kupwa, na mara nyingi huna haja ya kupanda. Mbegu ya mikoko mingi huota ingali juu ya mti. Ikidondoka huelea hadi ipate tope la kushika.

"Mkoko ni mti wa maji, uupande mbele kabisa." Mizizi yake inapumua. Tazama chini ya mchu, aina mojawapo ya mkoko, maji yakipwa: vijiti kama penseli vimesimama topeni kwa mamia. Hizo ndizo pua zake, na zikizama usiku na mchana mti unakufa. Mlilana, aina nyingine, huweza kukaa mbele. Mkandaa ukiuweka huko umeutupa.

"Mkondo wa tope hauna samaki." Nenda maji yakianza kujaa. Mkizi wadogo, chaa na kamba huingia nayo, wakala na kujificha mizizini. Mkondo ukizibwa nusu, hubaki kwenye vidimbwi vya moto wakaliwa na ndege.

"Tuta likifunguliwa, chumvi itaingia kwenye mpunga." Hofu hii ina haki, Pemba bahari imeshaingia mabondeni. Tuta linalokinga mpunga usiliguse kabla wenye bonde hawajakaa wakakubaliana. Na hata tuta la shamba la chumvi, kabla hujalifungua subiri kwanza bamvua ya mwezi mpevu, maji yanapopanda karibu mita 4, uchomeke vijiti pale yanapoishia, ujue yanafika wapi.